Umelipa tozo ya barabara kimakosa? Huu ndio muda wako wa kudai hela irudi

Kwa haraka, kama uko njiani na bando linaisha: kodi yoyote inayokusanywa na TRA, ukiilipa zaidi au kimakosa, una miaka mitatu ya kuomba irudishwe, kuanzia siku uliyolipa. Ushuru wa forodha ni miezi 12 tu. Hela iliyochukuliwa na halmashauri kwenye kizuizi inadaiwa halmashauri, TRA haihusiki. Na ile tozo ya barabara iliyomo ndani ya bei ya petroli na dizeli, mwananchi wa kawaida hana pa kuidai.

Hilo la mwisho ndilo linalowauma zaidi watu wa sehemu kama Oloipiri, kule tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Tutalifikia. Kwanza tujue tunaongelea hela gani, maana barabarani Tanzania unalipa vitu vingi vinavyofanana majina, na kila kimoja kina sheria yake, ofisi yake na saa yake ya kuhesabu.

Tozo ya barabara iko wapi?

Nchi nyingine ukitaja tozo ya barabara mtu anawaza geti, kibanda na mtu wa kupokea hela. Kenya wana barabara ya juu ya Nairobi iliyofunguliwa 2022, Uganda wana ile ya Kampala kwenda Entebbe iliyoanza kulipiwa mwaka huo huo. Kwetu geti la namna hiyo watu wanalolijua ni la Daraja la Nyerere, Kigamboni, lililozinduliwa Aprili 2016 na kujengwa na NSSF kwa kushirikiana na Serikali. Barabara ya haraka ya kulipia ya Kibaha, Chalinze hadi Morogoro imekuwa kwenye mipango kwa miaka.

Tozo yenyewe kubwa, ile inayotengeneza barabara za nchi nzima, huioni kwa sababu iko kwenye mafuta. Sheria inayoiweka ni ya mwaka 1985, leo inaitwa Sheria ya Tozo za Barabara na Mafuta, Sura ya 220. Mwaka 1998 ilirekebishwa ili hela hiyo iingie kwenye Mfuko wa Barabara. Mfuko unaigawa kwa TANROADS, wanaoshika barabara kuu na za mikoa, na kwa barabara za wilaya, ambazo tangu Julai 2017 ziko chini ya TARURA.

Kiasi chake si kidogo. Julai 2021 Bunge liliongeza Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, tozo ikatoka Sh313 ikawa Sh413, na nyongeza hiyo ikaelezwa kuwa ni kwa ajili ya barabara za TARURA. Miaka miwili baadaye, kwenye bajeti ya 2023, ikaja Sh100 nyingine kwa lita, safari hii kwa miradi ya kimkakati. Tuchukue hiyo Sh413 peke yake: dumu la lita 20 lina Sh8,260 ya tozo. Hapo bado hujahesabu ushuru wa bidhaa wala tozo nyingine zilizo kwenye lita hiyo hiyo.

Ukumbuke pia kwamba leseni ya gari ya kila mwaka, ile stika ya kioo cha mbele, ilifutwa kwenye bajeti ya 2017. Haikupotea hewani. Mwaka huo huo ushuru wa bidhaa kwenye petroli, dizeli na mafuta ya taa uliongezwa Sh40 kwa lita. Mwenye gari aliyekuwa analipa mara moja kwa mwaka akaanza kulipa kila anapojaza. Na mtu asiye na gari, mwenye jenereta au mashine ya kusaga, naye akaingia kwenye mchango bila kuulizwa.

Kwa nini wewe huwezi kuidai

Chukua mwenye mashine ya kusaga Oloipiri inayokula dizeli. Mafuta anayanunua Wasso au kwa mtu anayeuza kwa dumu kijijini. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ukiangalia orodha ya mkoa wa Arusha utaona Loliondo wamepangiwa bei ya juu kuliko Arusha mjini, kwa sababu ya usafirishaji. Juu ya hapo kuna faida ya muuza dumu. Dizeli ikifika kwenye mashine imeshalipiwa tozo ya barabara, wakati mashine yenyewe imefungwa kwenye zege na haijawahi kukanyaga barabara hata siku moja.

Je, anaweza kuiomba TRA imrudishie hiyo Sh413 kwa lita? Kwa sheria ilivyo, hapana, na kosa haliko kwenye kuchelewa. Tozo ya mafuta hailipwi pale kituoni. Inalipwa na kampuni inayoingiza mafuta nchini, TRA inaikusanya huko, kisha kampuni inaiweka ndani ya bei, na kituo kinakuuzia wewe. Risiti ya EFD unayopewa inaonyesha umenunua mafuta. Haionyeshi kwamba umelipa tozo, kwa sababu kisheria mlipaji siye wewe. Wewe umeubeba mzigo tu. Na mwenye haki ya kuomba marejesho ni yule aliyelipa, kama alilipa zaidi au kama ana msamaha.

Msamaha upo, ila si wa watu wadogo. Waziri wa Fedha anaweza kusamehe tozo kwa tangazo la Gazeti la Serikali. Miaka ya 2000 waliofaidika sana na utaratibu wa aina hii walikuwa kampuni kubwa za madini. Utaratibu ulikuwa ni kulipa kwanza, kisha kudai irudishwe kwa lita zilizotumika mgodini. Madai hayo yalizaa mivutano mirefu na TRA hadi mahakamani: mafuta yaliyotumiwa na mkandarasi wa mgodi yanahesabiwa? Ushahidi gani unatosha kuonyesha lita fulani iliingia kwenye mtambo na siyo kwenye lori la barabarani? Kampuni hizo zilikuwa na wahasibu na mawakili na bado zilisumbuka.

Kuna nchi zilizoamua tofauti. Afrika Kusini ina mfumo wa kumrudishia mkulima, mvuvi na mchimba madini sehemu ya tozo za dizeli, ilimradi amejisajili, ana daftari la matumizi ya mafuta na amedai ndani ya miaka miwili. Jimbo la California, Marekani, linamrudishia kodi ya petroli mtu aliyeitumia nje ya barabara za umma, kwenye trekta au mashine, akidai ndani ya miaka mitatu tangu anunue. Majimbo mengine ya huko yana muda mfupi zaidi. Washington wanatoa miezi 13. Kwa hiyo hoja kwamba haiwezekani kitaalamu kutenganisha dizeli ya shambani na ya barabarani haina nguvu sana. Ni uamuzi wa kisera. Sisi tuliamua kila lita ichangie, na mwenye mashine ya kusaga anachangia sawa na mwenye basi.

Kama kuna mbunge anatafuta hoja ya kupeleka bungeni wakati wa Sheria ya Fedha, hii hapa.

Miaka mitatu ya TRA

Sasa tuje kwenye hela unazoweza kuzidai. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, Sura ya 438, ndiyo inayosema mtu aliyelipa kodi zaidi ya anayodaiwa, au aliyelipa kimakosa, anaweza kuomba arudishiwe. Ombi liwe la maandishi, na liwe ndani ya miaka mitatu tangu kodi ilipolipwa.

Hesabu inaanza siku ya malipo. Haianzi siku ulipogundua kosa, wala siku mhasibu alipokuambia. Ulilipa tarehe 10 Machi 2023, mlango unafungwa Machi 2026. Hata kama umegundua Aprili 2026 ukipanga makaratasi, umechelewa. Hapa ndipo wengi wanaangukia. Mtu anaona miaka mitatu ni mingi, analiweka pembeni, anakuja kushtuka risiti imeshafutika wino.

Ndiyo, wino. Risiti za EFD zimechapwa kwenye karatasi ya joto. Ukiiweka kwenye dashibodi ya gari juani, miezi michache haisomeki. Piga picha siku ile ile, itume kwenye barua pepe yako au kwenye WhatsApp ya mtu unayemwamini. Simu inaibiwa, picha iliyotumwa inabaki.

Makosa yenyewe yanatokea vipi? Kwa mfano mtu amelipia gari ada ya kuhamisha umiliki mara mbili kwa sababu mtandao uligoma katikati na yeye akatengeneza namba mpya ya malipo, ile wengi tunaiita kontro namba. Au amelipa kwa namba ya malipo ya mtu mwingine. Au makadirio yalipunguzwa baada ya yeye kulipa yale ya mwanzo. Kesi za namna hii zina ushahidi rahisi, kwa sababu tangu Serikali ihamie kwenye mfumo wa malipo wa GePG kila shilingi ina namba yake na inaonekana imeingia lini na kwa kazi gani.

Jambo moja ambalo watu hawalitegemei: TRA ikikubali kwamba umelipa zaidi, kwanza inaangalia kama unadaiwa kodi nyingine. Ukidaiwa, hela inakwenda kufuta lile deni, na kinachobaki ndicho unachopewa. Kwa hiyo kabla hujaandika barua, jua hali yako. Kuna watu wamekwenda kudai laki mbili wakarudi na deni.

Wakikukatalia na hukubaliani, sheria inakupa siku 30 tangu ulipopewa uamuzi wa kodi kuweka pingamizi. Hizi siku 30 ni hatari kuliko ile miaka mitatu, kwa sababu zinapita huku bado unasimulia watu ulivyoonewa. Pia kuna Msuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, ofisi iliyowekwa kwenye sheria mwaka 2019, ambayo inapokea malalamiko kuhusu huduma na utaratibu wa TRA. Usichanganye: kulalamika kwa msuluhishi hakusimamishi saa ya pingamizi. Peleka pingamizi kwanza, kisha lalamika.

Forodhani ni miezi 12

Ukiagiza gari, vipuri au pampu ya maji kutoka nje, unaingia kwenye sheria nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inatumika Tanzania, Kenya, Uganda na wenzetu wengine wa Jumuiya, na inasema anayedai kurudishiwa ushuru wa forodha adai ndani ya miezi 12 tangu alipe.

Kwa hiyo kwenye gari moja unaweza kuwa na saa mbili zinazokimbia. Ushuru wa forodha uliolipa zaidi unakufa baada ya mwaka mmoja. Kodi nyingine za ndani ulizolipa siku hiyo hiyo bado una miaka mitatu. Wakala wa forodha akikuambia tulia, tutafuatilia mwakani, muulize anaongelea hela ipi kati ya hizo.

Kwa wanaofananisha na jirani: Kenya, Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inampa mlipaji miaka mitano kwa kodi nyingi. Lakini forodha ni ile ile miezi 12, maana sheria ni moja.

Gari za nje zinazopita

Lori la kigeni linalopita Tanzania linalipa tozo kwa umbali, chini ya Sheria ya Tozo za Magari ya Nje Yanayopita Nchini, Sura ya 84. Kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi ni dola 6 kwa kila kilomita 100 kwa lori la ekseli tatu au pungufu, na dola 16 kwa lenye zaidi ya hapo. Mwaka 2013 malori ya Rwanda yaliwahi kupandishiwa kutoka dola 152 hadi dola 500 kwa safari, Rwanda nayo ikajibu kwa yale ya Tanzania, kabla ya wakubwa kukaa na kuyamaliza.

Mwenye lori anayelipia njia ndefu halafu safari ikakatishwa, au aliyehesabiwa ekseli zaidi, adai palepale mpakani siku hiyo hiyo. Ekseli zinaonekana kwa macho leo, kesho gari liko Kigali.

Kwa watu wa Oloipiri hili lina kituko chake. Kenya iko karibu kabisa, Narok na Maasai Mara ziko upande wa pili wa kilima, ila hakuna mpaka wa magari. Njia ya Bologonja kati ya Serengeti na Mara ilifungwa mwaka 1977 na haijafunguliwa kwa safari za kawaida. Gari likitaka kwenda kihalali lizunguke hadi Namanga au Sirari. Mwenye pikipiki anayekatiza porini hana risiti ya kudai chochote, na akikamatwa mazungumzo yatakuwa mengine.

Geti la hifadhi si geti la barabara

Lami ya kutoka Makuyuni inapita Karatu na kufika geti la Loduare, mlango wa Hifadhi ya Ngorongoro. Kinachotozwa pale ni kiingilio na ada za hifadhi, chini ya Sheria ya Hifadhi ya Ngorongoro, Sura ya 284. Anayetoza ni Mamlaka ya Hifadhi, NCAA. TRA hawapokei barua yako kuhusu hela hiyo hata ukiwa na risiti tatu.

Kwa dereva wa watalii tofauti hii ni ya kila siku. Kibali kina muda wake, saa 24. Mgeni akiugua Karatu usiku na kibali kimeshalipiwa, au umelipia watu sita wakaja wanne, wasiliana na NCAA kabla kibali hakijatumika na kabla muda wake haujaanza. Baada ya gari kupita getini huna tena cha kuonyesha kwamba huduma haikutumika.

Anayepitia upande wa chini, Mto wa Mbu, Engaruka, Engaresero hadi Sale, naye anakutana na mageti ya halmashauri za Monduli, Longido na Ngorongoro yanayotoza watalii wanaokwenda Ziwa Natron. Hapo risiti tatu ni za halmashauri tatu. Ukizidishiwa kwenye geti la Longido usiende kulalamikia Loliondo. Ukishapanda kule juu unaikuta lami ya Sale hadi Waso, kilomita 49.

Kizuizi cha mazao: hapa ndipo hela nyingi ndogo zinapotea

Oloipiri ni wafugaji. Mahindi yanatoka kwingine, na soko kubwa la karibu kwa wengi ni Karatu. Mtu anauza mbuzi, ananunua magunia, anapakia kwenye gari la kukodi. Karatu ni halmashauri moja, Ngorongoro ni nyingine, kwa hiyo mzigo unavuka mpaka wa halmashauri na unaweza kukutana na kizuizi cha ushuru wa mazao.

Tangu Julai 2017 mzigo wa mazao usiozidi tani moja, ukisafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, hautozwi ushuru huo. Mwaka huo huo viwango vya ushuru vilishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Magunia nane ya kilo 100 ni kilo 800. Hapo hudaiwi. Magunia kumi ni tani moja kamili, bado haijazidi.

Tatizo ni gunia lenyewe. Likishonwa lumbesa linakwenda kilo 120 au zaidi, na magunia yako tisa yanakuwa tani moja na ushee. Halafu gari la kukodi linabeba mizigo ya watu watano. Mtu wa kizuizi anaangalia gari limejaa, anatoza gari zima. Kila mwenye mzigo alikuwa chini ya tani moja, ila hakuna aliyebeba karatasi ya kuonyesha magunia yake ni yapi. Dereva analipa, anawagawia, mnafika nyumbani usiku.

Ukiona umetozwa isivyo, fanya haya ukiwa bado hapo. Chukua risiti ya mashine, siyo ya mkono. Kama hawana risiti, hiyo si ushuru, na huna cha kudai kwa njia ya marejesho. Hiyo ni ya TAKUKURU. Picha ya mzigo ukiwa kwenye gari inasaidia, na tiketi ya mizani ya sokoni inasaidia zaidi. Kisha andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri iliyotoza, taja tarehe, namba ya risiti, uzito na kiasi, omba urudishiwe. Nakala iende kwa mweka hazina wa halmashauri. Ipige muhuri wa kupokelewa, maana bila muhuri barua yako haijawahi kuwepo.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ndiyo inayosimamia ushuru huu, na ile miaka mitatu ya kodi za TRA usiitegemee hapa. Kwa uhalisia muda wako ni mfupi: ndani ya mwaka wa fedha ule ule, kabla ya Juni 30, wakati hesabu hazijafungwa na aliyekuwa kizuizini bado anafahamika.

Halmashauri ikikaa kimya na ukaamua kwenda mahakamani, unatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90, kwa sababu tangu mabadiliko ya 2020 kesi dhidi ya halmashauri zinafuata utaratibu wa kesi dhidi ya Serikali, na Mwanasheria Mkuu anaunganishwa. Kwa Sh30,000 ya mahindi hakuna atakayefanya hivyo, na ukweli ni kwamba mfumo unalijua hilo. Ndiyo maana nguvu iko kwenye wengi kuandika kwa pamoja. Barua moja yenye risiti 40, ikipitia kwa diwani hadi kwenye kikao cha baraza la madiwani, inasomwa tofauti na risiti moja.

Umeshachelewa. Je, kuna mlango?

Inategemea umechelewa wapi.

Kwenye pingamizi la kodi, zile siku 30, sheria yenyewe inakubali uombe kuongezewa muda kwa sababu ya kuwa nje ya nchi, ugonjwa au sababu nyingine ya msingi. Ombi liandikwe, na sababu ithibitishwe.

Mahakamani, Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inaruhusu mahakama kuongeza muda wa kukata rufaa au kuleta maombi, kukiwa na sababu ya kutosha. Kwa kesi mpya ya madai mahakama haina uwezo huo. Mwenye uwezo ni Waziri wa sheria, akishauriana na Mwanasheria Mkuu, na hawezi kuongeza zaidi ya nusu ya muda uliowekwa. Watu wachache wanajua kipengele hiki kipo.

Sababu ya kutosha ni ipi? Mahakama ya Rufani ilipanga vigezo kwenye shauri la Lyamuya Construction, maombi ya madai namba 2 ya 2010, na mpaka leo majaji na mawakili wanayarudia. Ueleze kipindi chote ulichochelewa, kucheleweshwa kusiwe kwa kupindukia, uonyeshe ulikuwa unafuatilia na hukuzembea, au kuwe na jambo zito kama uamuzi wenyewe kuwa kinyume cha sheria.

Hicho cha kwanza ndicho kinachowaangusha wa vijijini. Kusema barabara ilikatika kwa mvua haitoshi kama ilikatika wiki mbili na wewe umechelewa miezi minne. Kusema ulihama na mifugo haitoshi peke yake. Unachohitaji ni kipande cha karatasi kwa kila kipindi: barua ya mtendaji wa kijiji yenye tarehe na muhuri, cheti cha Hospitali ya Wasso, tiketi ya basi, hata ujumbe wa simu uliomtumia ofisa ukimuuliza kuhusu madai yako. Ukiwa na siku kumi usizoweza kuzieleza, hizo kumi zinaweza kukupotezea zote.

Nini uwe nacho kabla ya kuandika

TIN kama unadai TRA. Risiti au namba ya malipo. Uthibitisho wa benki au ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money, au mtandao unaotumia, ukiwa na namba ya muamala. Maelezo mafupi kwa nini hukupaswa kulipa. Ukurasa mmoja unatosha, usisimulie maisha. Akaunti ya kurudishiwa yenye jina lile lile la aliyelipa. Hili la jina linachelewesha madai mengi kuliko unavyodhani: gari ni la baba, simu iliyolipa ni ya mtoto, akaunti ni ya mama. Kama ndivyo ilivyo kwenu, ambatanisha barua ya aliyelipa inayokuruhusu kudai, ikiwa na sahihi yake.

Ukitaka kuuliza TRA bila kusafiri hadi mjini, namba yao ya bure ni 0800 750 075. Andika jina la aliyekujibu na tarehe. Simu hiyo haihesabiki kuwa ombi, barua ndiyo inayohesabika, lakini siku ukitakiwa kueleza ulikuwa unafanya nini mwezi wa Novemba utakuwa na cha kusema.